Kupita Bila Kugusa

Watu wa Mlandege, mjini Iringa, walimjua Faustina kwa mambo mawili, na mambo hayo hayakufanana hata kidogo. Siku za kazi alikuwa mwalimu wa udereva, aliyekaa kushoto kwa wanafunzi wake akirudia maneno yale yale mpaka wayaote usingizini: acha nafasi mbele yako, tazama kioo, usichomekee. Lakini siku ya mashindano ya gokati, vile vigari vya chini visivyo na paa wala milango, vyenye injini ya pikipiki nyuma ya kiti, Faustina aligeuka mtu mwingine. Madereva wenzake walimwita Tingatinga. Kasi alikuwa nayo, hilo hakuna aliyelibisha. Ila akimkuta mtu mbele yake hakumzunguka. Alimsukuma.

Kanuni ya chama chao ilikuwa fupi na kila dereva aliijua. Ukitaka kumpita mwenzako kwenye kona, gurudumu lako la mbele liwe limefika ubavuni kwake kabla hajaanza kukata kona. Likifika, na yeye analazimika kukuachia njia. Lisipofika, unangoja. Kumgonga nyuma ili umwondoe ni kosa.

"Huko tumebanana kama viazi kwenye gunia," Faustina alizoea kusema. "Bampa zitaachaje kugusana?"

Wasimamizi walimwonya, wakampunguzia pointi, akanuna siku mbili tatu, akarudi vile vile.

Mashindano ya Iringa mwaka ule yalifanyika mwezi wa tatu, kwenye uwanja wa lami wa ghala la zamani la mahindi, barabara ya kwenda Kalenga. Kona zilipangwa kwa matairi chakavu, na watu walijaa kuanzia asubuhi. Mmoja wao alikuwa Mzee Filemoni, mkulima wa vitunguu wa Kalenga, aliyenunua kirikuu, gari dogo la mizigo, ukubwani ili aache kuwategemea wenye magari ya kukodi. Alikuwa mwanafunzi wa Faustina tangu mwaka mpya. Aliendesha polepole kiasi kwamba mbuzi walimtangulia, lakini alikuwa msikivu, na neno la mwalimu wake alilichukua kama la mahubiri. Siku hiyo alisimama karibu na kona ya mwisho amevaa koti lake la kanisani, akimwambia kila aliyekuwa jirani, "Yule mwenye kofia nyekundu ndiye mwalimu wangu."

Mzunguko wa mwisho aliyeongoza alikuwa Anyitike, kijana wa Mbeya, fundi wa pampu za maji, mwepesi wa mkono kwenye usukani. Faustina alikuwa nyuma yake, karibu kabisa. Walipoifikia kona ya mwisho Anyitike akapunguza mwendo. Faustina hakupunguza. Bampa yake ikaingia nyuma ya kigari cha mwenzake, kikazunguka kama pia, kikapanda matairi na kulala ubavu. Faustina akapita, akavuka mstari wa mwisho akiwa wa kwanza, akainua ngumi juu.

Hakuna aliyepiga makofi.

Bi Eveline, msimamizi mkuu, alikuwa mama mpole wa sura na mgumu wa maamuzi. Alimngoja Faustina azime injini, avue kofia, apumue.

"Matokeo yako nimeyafuta," akamwambia.

"Kwa kosa gani? Amefunga breki ghafla!"

Bi Eveline akamwonyesha simu ya mtazamaji mmoja aliyekuwa amerekodi. Picha haikuwa na shaka. Anyitike alipunguza mwendo pale pale kila mtu alipopunguzia siku nzima.

"Na nakwambia mbele ya watu," Bi Eveline akaendelea, "ukimgonga mtu mwingine msimu huu ili umpite, mwaka ujao wote hukanyagi kwenye mbio zetu."

"Wanakuonea," alisema Rabson, binamu yake, fundi aliyekichomelea kile kigari kwa mikono yake mwenyewe. Faustina akakubali kwamba ndiyo, anaonewa. Lakini alipogeuka alimwona Mzee Filemoni bado amesimama karibu na matairi, mikono nyuma, akimtazama Anyitike akiingizwa kwenye gari la hospitali huku ameushika mkono wake wa kulia kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Mzee hakumtazama mwalimu wake. Alivaa kofia, akaondoka.

Jumatatu Mzee Filemoni hakuja darasani. Kesho yake vile vile. Faustina akampigia simu.

"Kamwene, Mzee. Mbona kimya? Unaumwa?"

"Kamwene, mwalimu. Mimi mzima kabisa, namshukuru Mungu." Kisha akashusha sauti. "Nimepata mwalimu mwingine, wa hapo sokoni."

"Nimekukosea nini, Mzee?"

"Hujanikosea. Umenifundisha vizuri. Ila sasa nikifunga tu mkanda namwona yule kijana anavyozunguka. Halafu najiuliza, hivi huyu mwalimu wangu, yale anayoniambia, mwenyewe anayaamini? Au ananiambia mimi kwa sababu mimi ni mzee na mwoga?"

Faustina alifungua mdomo amjibu kwamba mbio ni mbio na barabara ni barabara. Jibu hilo alikuwa nalo siku zote, na siku zote lilimtosha. Safari hii halikutoka. Alimtakia mzee kila la heri, akakata simu, akakaa ndani ya gari la shule lenye kibao cha L mpaka mwanafunzi mwingine alipogonga kioo. Niseme hapa hapa kwamba Mzee Filemoni hakurudi kwake. Leseni aliipata kwa yule mwalimu wa sokoni, na walipokutana barabarani alimpungia mkono kwa heshima zote, lakini kurudi hakurudi.

Ilimchukua siku kadhaa kupata moyo wa kumpigia Anyitike. Alitegemea matusi.

"Mfupa umepata ufa," Anyitike alisema kwa sauti ya kawaida. "Daktari amenifunga hogo la plasta. Miezi miwili nitakuwa sawa."

"Nisamehe, kaka yangu."

"Nimesikia. Lakini dada Faustina, nikuulize kitu ambacho kimeninyima usingizi kuliko mkono. Kwa nini hukupita nje?"

"Nje wapi?"

"Kwenye ile kona. Mimi nilikuwa nimebana ndani kwa kuwa nilijua unakuja. Nje kote nilikuwa nimekuachia. Ungepita na kunipungia mkono. Wewe ukanifuata mimi."

Faustina alidhani anataniwa. Usiku huo alimwomba Rabson amtafutie ile picha ya simu, akaitazama, akairudia, akaisimamisha pale Anyitike anapoanza kukata kona. Kweli. Upande wa nje ulikuwa mtupu, mpana, ungeweza kupitisha hata kirikuu. Hakuuona. Alikuwa amekodolea macho mgongo wa kigari cha mbele mpaka kila kitu kingine kikapotea. Na kila wiki alikuwa akiwaambia wanafunzi wake waliokuwa wakilivaa shimo kwa kulitazama: macho yako yaende unakotaka kwenda, gari litafuata.

Hilo lilimuuma kuliko adhabu. Miaka yote aliamini kwamba anagonga kwa sababu ni jasiri. Sasa aliona kwamba alikuwa anagonga kwa sababu kupita hajui.

"Rabson," alisema, "nataka unifundishe nisiguse."

Rabson akacheka. "Mimi nikufundishe? Mimi hata breki naikanyaga kwa kuiuliza kwanza."

Lakini walilipata jambo la kufanya. Kila Jumapili baada ya ibada walikwenda kwenye uwanja wa ghala na vigari viwili. Rabson aliipaka bampa ya mbele ya Faustina chokaa mbichi kwa brashi, kisha akatangulia, akiendesha atakavyo, akibana, akipanua, akipunguza bila kutoa taarifa. Kazi ya Faustina ilikuwa kumpita bila kumgusa. Siku ya kwanza kigari cha Rabson kilirudi kikiwa cheupe nyuma kama ukuta wa zahanati. Faustina akarusha glovu chini, akasema mchezo huu si wake, akaingia ndani ya pikapu akafunga mlango. Rabson akakifuta kigari kwa kitambaa, akaichukua brashi, akaipaka bampa upya. Baada ya muda mlango wa pikapu ukafunguka.

Wiki zilivyokwenda chokaa ilianza kubaki kwenye bampa yake mwenyewe. Alijifunza kuachia nafasi ndogo kabla ya kona, jambo lililomuuma kama kung'olewa jino, na akagundua kwamba ile nafasi ndogo ndiyo inayompa mwendo wa kutokea. Aliyekaba mgongo wa mwenzake hutoka kwenye kona na mwendo wa mwenzake. Aliyengoja kidogo hutoka na wa kwake. Siku moja alimpita Rabson nje, akampita ndani, akampita tena nje, na walipozima injini Rabson akasema, "Sasa unanitia hasira ya kweli." Wakacheka mpaka mlinzi wa ghala akatoka kuona kuna nini.

Mashindano ya Mbeya yalifika mwezi wa sita, baridi ikiwa imekolea. Waliondoka Iringa na kigari juu ya pikapu, wakapita Makambako wakinywa chai ya chupa, wakaingia Uyole wakiwa wamejifunika mablanketi hadi masikioni. Uwanja ulikuwa wa kiwanda kilichofungwa zamani, lami yake bado nzima, na asubuhi ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba madereva walisubiri saa nzima ndipo wakaona kona ya pili.

Kwenye kikao cha madereva Bi Eveline alisoma kanuni. Alipofika kwenye ile ya kugonga nyuma, vichwa vyote vikamgeukia Faustina. Anyitike alikuwepo, hogo limetolewa, mkono umefungwa bandeji. Alimsalimia kwa kichwa. Aliyetabasamu alikuwa Zabron, naye wa Mbeya, dereva mwenye mabega mapana na maneno mengi.

"Leo Tingatinga kafungwa mnyororo," akasema kwa sauti ya kusikika.

Faustina alielewa maana yake kwenye mbio za mchujo. Zabron alijua kwamba mwenzake akigusana na mtu yeyote atakuwa na kesi ya kujibu, basi akajiona huru. Kwenye kona ya kwanza alimchomekea, Faustina akafunga breki. Kwenye kona ya nne alimbana mpaka magurudumu ya kushoto yakatoka kwenye lami yakachezea majani. Mara ya tatu, kona ya sita, akamgonga kabisa ubavuni, na Faustina akajikuta anatazama alikotoka. Alimaliza wa nane.

Rabson alimpokea amewiva kwa hasira. "Fainali mtupe nje! Mara moja tu! Akupige halafu ukae kimya? Hata ukifungiwa, bora ufungiwe na heshima yako!"

Faustina alikaa juu ya tairi. Alikuwa amekwisha kuiona picha nzima kichwani: kona ya nne, Zabron mbele, mguu juu ya mafuta. Ingekuwa rahisi mno. Ingekuwa tamu. Kisha likamjia jambo ambalo katika miaka yake yote ya mashindano hakuwahi kulifanya, kwa kuwa siku zote yeye ndiye aliyekuwa akilalamikiwa.

Aliinuka akaenda kwa Bi Eveline. "Nimekuja kulalamika," akasema.

Bi Eveline akamtazama juu ya miwani. "Wewe?"

"Mimi. Zabron amenigonga kona ya sita. Mwulize aliyesimama pale na bendera."

Mwenye bendera aliitwa, mzee mfupi aliyejifunga skafu mara mbili shingoni. Alisema aliona yote, kona ya nne na kona ya sita, na kwamba alikuwa akishangaa kwa nini hakuna aliyekuja kumwuliza. Zabron aliitwa akajitetea sana, na alipomaliza kujitetea Bi Eveline akampeleka kuanzia wa mwisho kwenye fainali, na onyo juu. Faustina akasogezwa hadi nafasi ya tano, aliyokuwa nayo kabla ya kugongwa.

Akarudi kwa Rabson akiwa kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Kumbe kanuni hizi ni zangu pia," alisema.

"Ulidhani ni za nani?" Rabson akauliza, hasira imeanza kupoa.

"Nilidhani ni zao."

Fainali ilianza jua limetoka, mlima uliofichwa na ukungu umeonekana wote, na watu wamepanda juu ya kuta za kiwanda ili waone vizuri. Faustina alianza vibaya kidogo, akaangukia nafasi ya sita. Hakuhangaika. Alimngoja wa tano akosee, na akakosea. Wa nne alimpita ndani, gurudumu limefika ubavuni mapema, na yule akamwachia njia bila ugomvi. Wa tatu na wa pili walikuwa wakigombana wenyewe kwa wenyewe, wakapanuka wote wawili kwenye kona ya sita, naye akapenya kwa ndani kwenye lami kavu bila kumgusa yeyote. Alimsikia mtu juu ya ukuta akipiga mluzi.

Mbele yake akabaki Anyitike.

Walizunguka hivyo, mmoja nyuma ya mwenzake, na Faustina aliona kwamba kwenye kona za kulia mkono wa Anyitike ulikuwa ukichoka. Kigari chake kilisita pale kila mara, na mgongo wake ukaja karibu na bampa ya Faustina, karibu sana, kama mlango ambao haukufungwa vizuri. Mguu wa Faustina ulijua la kufanya. Mwili mzima ulijua. Faustina akayainua macho kutoka kwenye ule mgongo akatazama mbali, kule kona inakotokea, akaachia mafuta kidogo tu, akapitia nje. Magurudumu yao yalikwenda sambamba, upana wa kiganja kati yao, na walipotoka kwenye kona yeye alikuwa mbele.

Kelele ziliinuka kutoka kwenye kuta. Ulikuwa umebaki mzunguko mmoja.

Anyitike hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alimkaba mpaka kona ya mwisho, ya kushoto, upande ambao mkono wake haukumsumbua, akachomoka kwa ndani. Faustina akaliona gurudumu lake la mbele kwa pembe ya jicho. Lilikuwa limefika ubavuni. Limefika kabla hajakata kona, si sana, lakini limefika. Angefunga njia, nani angesema? Mwenye bendera alikuwa upande wa pili. Wangegusana, Anyitike angepanda majani, na watu wangesema ni bahati mbaya.

Akamwachia njia.

Walitoka kwenye kona bega kwa bega, na Anyitike, aliyekuwa ndani, akautangulia mstari kwa urefu usiofika nusu ya kigari.

Faustina alipovua kofia aligundua kwamba analia, na kwamba anacheka pia, na hakujua kipi kimeanza. Alikuwa wa pili. Alikuwa amemaliza mashindano yote bila kumgusa mtu hata kwa bahati mbaya, na hakuwahi kuendesha vizuri hivyo maishani mwake. Angependa kushinda. Angependa sana. Lakini kifua kilikuwa chepesi, na alipokumbuka ushindi wake wa miaka iliyopita hakuna hata mmoja uliomwacha na kifua namna hii.

Bi Eveline alipita na karatasi zake, akasimama. "Onyo lako liko pale pale mpaka mwisho wa msimu," alisema.

"Najua, mama."

"Nakukumbusha tu." Akapiga hatua mbili, akageuka. "Ile ya nje. Mimi ni mtu mzima, nisingetakiwa kupiga kelele mezani kwa wasimamizi. Nimepiga."

Anyitike alikuja anaunyoosha mkono wake wenye bandeji, uso umejaa vumbi. "Nilijua utafunga," alisema. "Nilikuwa tayari nimejikaza nigongwe."

"Gurudumu lilikuwa limefika."

"Kwa kidogo sana."

"Lilifika."

Akamtazama, akatikisa kichwa, akacheka. "Mwezi wa tisa nakuja huko kwenu Iringa. Safari ijayo usiniachie nafasi ya kuingia ndani hata kidogo."

"Hutaiona," Faustina akamjibu.

Rabson alikuwa anafunga kamba za kigari kwenye pikapu, akimsimulia mtu asiyemjua jinsi binamu yake alivyompita Anyitike, ndipo mama mmoja alipojitokeza kati ya watu, kitenge begani, sweta juu ya sweta. Hakuwa na haja ya kujitambulisha. Macho yalikuwa yale yale ya Anyitike.

"Wewe ndiye Faustina wa Iringa?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemvunja mwanangu mkono?"

Rabson akaacha kamba. Faustina akatamani ukungu wa asubuhi urudi umfunike. Lakini hakutazama chini.

"Ndiyo, mama. Ni mimi. Nilifanya kosa, na nakuomba msamaha."

Mama Anyitike akampima kutoka viatuni hadi kichwani, taratibu, kama anayechagua mche wa kupanda.

"Mimi nilikuja leo nikuone ulivyo," akasema. "Nilisema nikimwona atanitambua. Maneno niliyokuwa nimeyapanga, mwanangu, acha tu." Akavuta kitenge chake vizuri. "Sasa nimeona jinsi ulivyompisha. Yale maneno sijui nimeyaweka wapi."

Akaonyesha kilima kwa kidole.

"Nyumbani si mbali, ni hapo juu tu. Nimepika ndizi na nyama. Nimepika nyingi kwa sababu huyu akishindwa anakula sana, na akishinda anakula zaidi. Mje wote wawili. Na huyo ndugu yako mwambie aache hizo kamba, chakula kinapoa."

"Ndaga, mama," Faustina akashukuru kwa neno moja la Kinyakyusa alilolijua, na akalitamka vibaya.

Mama yule akacheka kwa mara ya kwanza. Akamshika mkono kama anayemvusha barabara, wakaanza kupanda kilima, Anyitike nyuma yao akibishana na Rabson kuhusu breki.